Ulimi wa Mkaguzi

Mara ya kwanza kumwona Mkaguzi akitia udongo mdomoni, nilimwuliza kama ana mimba. Huku kwetu wanaokula udongo ni wajawazito, na hata wao hununua odowa safi, ule udongo mgumu wa kula, dukani, hawachoti tu nyuma ya nyumba ya mtu. Hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta, suruali kaipandisha hadi magotini, akiusukuma ule udongo kwa ulimi kutoka shavu hili hadi lile. Kisha akatema, akajifuta kwa kitambaa, akamwambia mwenye nyumba, "Hii ni chumvi ya mifugo. Mmeweka jana. Sisaini."

Mwenye nyumba alikuja juu. Mimi nilikuwa nimeleta waya kutoka dukani kwangu, nikasimama pale nikifurahia sinema ya bure. Sikujua kwamba miaka saba baadaye angechuchumaa vivyo hivyo nyuma ya nyumba yangu mimi, mamangu akiwa amelazwa Kajiado akingoja sahihi yake.

Alikozaliwa sikujui na sikuwahi kuuliza. Hata jina lake sikuwahi kulisikia likitajwa. Mafundi, wenye ploti, mama wa chapati, wote walimwita Mkaguzi, ingawa hakuwa ameajiriwa na ofisi yoyote. Alikuwa fundi wa stima mwenye leseni, basi. Lakini mita haiji kwenye nyumba mpya mpaka fundi mwenye leseni athibitishe kwa cheti kwamba waya zimefungwa sawasawa, na mafundi wetu wengi wana mikono mizuri bila leseni. Kwa hiyo wao hufunga waya, halafu humtafuta mwenye leseni aje apime na kusaini. Wapo wanaosaini wakiwa hotelini, chapati mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, nyumba yenyewe hawajaiona hata kwa picha. Yeye alikuja na pikipiki yake, akavua viatu mlangoni hata kama sakafu bado ni vumbi la simiti, akaanza kufungua soketi moja baada ya nyingine.

Kituo chake kilikuwa hadiwea yangu, duka la vifaa vya ujenzi, pale Kitengela. Alikalia gurudumu tupu la mbao, lile linalozungushiwa waya, karibu na mlango, akaniita Mama Waya, na akanifukuzia wateja. Mtu akiomba waya mwembamba wa kupeleka stima kwa jiko, Mkaguzi aliuliza kutoka pale alipo, "Unataka kupika chakula ama unataka kupika matanga?" Wengine waliondoka wakaenda kununua kwa jirani. Nilimtimua mara nyingi, tena kwa maneno makali, maana mimi nikikasirika huwa sichagui. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa juu ya gurudumu lake, ananiuliza kama nimelala salama.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa athi. Ndivyo mafundi wa huku wanavyouita ule waya unaotoka kwenye soketi na kushuka hadi kwenye rodi ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Kazi yake ni kuupeleka chini umeme uliopotea njia, kabla haujapita mwilini mwako. Bahati mbaya hilo pia ndilo jina la mji wa jirani. Mama mmoja wa Isinya aliambiwa na Mkaguzi, "Nyumba yako haina athi." Asubuhi iliyofuata akapanda gari hadi Athi River, akazunguka huko mchana kutwa akiuliza mahali inapouzwa. Jioni aliingia dukani kwangu miguu imevimba, akaipata nyuma ya mlango. Tulicheka sote isipokuwa Mkaguzi. Tangu siku hiyo alimshika kila mwenye nyumba mkono, akampeleka nyuma, akamgusisha ile rodi kwa kidole. "Hii ndio athi," alisema. "Hii ndio itachukua kifo chako ikikuja."

Sasa chumvi. Udongo wetu ni mweusi na chini yake kuna mwamba. Masika unashika maji vizuri. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa, na rodi inabaki haigusi kitu. Fundi akipigilia rodi ikagonga mwamba, mvivu huikata kwa msumeno, huacha kipande kifupi, kisha humwaga maji ya chumvi hapo. Maji ya chumvi hupitisha umeme upesi. Ukileta mashine ya kupimia siku hiyo, itakwambia nyumba ni nzuri. Baada ya mwezi maji yamekauka na huna athi tena. Ndiyo maana alionja. "Mashine inasoma leo," alikuwa akisema. "Ulimi unasoma mwezi ujao."

Kwingine mambo yangeishia hapo. Lakini hii ni Kajiado, na chumvi huita ng'ombe. Mifugo ya majirani ikiinusa inakuja kulamba, inachimbua kwa kwato, inang'oa waya. Mkaguzi akipita na pikipiki akiona mbuzi wamekusanyika nyuma ya nyumba mpya, alisimama akaandika namba ya ploti. Nyumba yenye mbuzi, alisema, imesainiwa hotelini.

Usidhani alikuwa malaika. Chaja ya simu yake aliifunga plasta ya hospitali mahali patatu, na ikichomekwa ilitoa cheche. Taa ya pikipiki ilishikiliwa na kamba ya kiatu. Radi ikipiga, mtu huyu aliyeshika waya kwa vidole bila wasiwasi alijificha stoo kwangu katikati ya ndoo za rangi, na nilimsikia akisali kwa sauti. Na alipenda chumvi! Alitia kwenye parachichi, kwenye chungwa, kwenye ugali uliokwisha kumwagiwa mchuzi. Daktari alipomkataza kwa ajili ya presha, akaanza kuibeba kwenye kichupa cha dawa ya macho. Siku moja nilimwambia, "Mzee, unatafuta chumvi kwa nyumba za watu na yako uko nayo mfukoni?" Akanijibu, "Mchawi mpe mtoto akulelee." Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha tu.

Nyumba yangu iko upande wa Isinya, vyumba vitatu na mabati ya bluu. Niliijenga polepole, mwaka wa msingi, mwaka wa kuta, mwaka wa kupumzika. Ilipobaki stima tu, mapafu ya mamangu yakachoka. Miaka yote ya jiko la kuni ilimrudia kwa pamoja. Hospitalini Kajiado walisema anaweza kurudi nyumbani, lakini alale na mashine ya oksijeni, na mashine hiyo inataka stima mchana na usiku. Mimi nilikuwa nimepanga orofa ya nne, na mama hakuweza kupanda hata ngazi tatu.

"Mama, hii kitanda iko na watu wanaingoja," nesi aliniambia. "Nakupatia wiki moja."

Mamangu mwenyewe alinishika kidole, akavuta pumzi, akasema neno moja moja. "Sijawahi lala kwa nyumba ya mtoto wangu. Yenye si ya kupanga. Nipeleke."

Nilikuwa bado kwenye varanda ya wodi simu ilipolia. Ni Kamau, fundi wangu, mtu mzima aliyenifungia waya za duka pia. "Mathe, rodi imegonga mawe," alisema. "Tuchimbe place ingine ama nikate niweke chumvi? Kuchimba ni kama siku nne hivi."

Nyuma yangu nilisikia mama akikohoa. Mimi, niliyekaa na Mkaguzi miaka na miaka, niliyemsikia akihubiri habari za chumvi mpaka nikazikariri, nilisema, "Weka."

Mkaguzi alikuja Jumanne. Nilikuwa nimemwandalia parachichi na kichupa chake nikakijaza mwenyewe. Alivua viatu. Alifungua soketi zote, akavuta kila waya, akamsifu Kamau kwa mkono safi. Kisha akaenda nyuma, akafunga mashine yake kwenye rodi, akasoma, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Nikashusha pumzi. Halafu akapandisha suruali.

Niliomba. Sitaficha, niliomba Mungu ulimi wake ufe ganzi. Sikuomba mengi, dakika moja tu, mpaka atoe kalamu.

Alionja, akatema. Hakuniangalia mimi, alimtazama Kamau. "Chumvi ya meza," akasema. "Ni ya juzi. Nani alisema iwekwe?"

Kamau alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu ulikuwa mzito na sikuweza kuuinua. Mkaguzi akangoja. Akaona hakuna wa kusema, akamwambia Kamau, "Wewe sitakusainia tena. Kwa nyumba yoyote." Kamau alikusanya vyombo vyake, na mimi nikamwacha aende hivyo.

Nilimkimbilia Mkaguzi hadi barabarani. Nilimwambia mamangu anakufa. Nilimwambia ana roho ya chuma, na kwamba gurudumu langu amelikalia bure miaka yote hiyo na asilikalie tena. Majirani walitoka nje kusikiliza. Alingoja nikamaliza, akaniuliza polepole, "Mama Waya, hiyo mashine ya mama itakaa wapi?"

"Kando ya kitanda."

"Na hiyo kitanda ni ya mbao ama ya chuma?"

Kilikuwa cha chuma, nilikinunua mwenyewe wiki iliyopita. Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Siku mbili nilizunguka nikiwa na hasira naye, na hasira ilinisaidia kutofikiria. Alhamisi nikampata mwenye leseni mwingine katika hoteli moja ya Isinya. Hata hakuuliza nyumba iko wapi. "Leta fomu kesho asubuhi," alisema, akaendelea na supu yake. Fomu nilikuwa nimeiacha kwenye dirisha la jikoni, basi nikapitia ploti kuichukua.

Nilisikia kengele kabla sijafika. Nyuma ya nyumba yangu mpya kulikuwa na mbuzi kumi na zaidi, na ndama mmoja mwekundu. Walikuwa wamechimbua shimo la kuingia karai, wanasukumana, wanalamba. Waya ulikuwa umekatika. Rodi yenyewe ililala chini imelambwa udongo wote, na urefu wake haukuzidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Ndama alikuwa akiilamba ncha. Akilini nilimwona mamangu kwenye kitanda cha chuma, mkono wake kwenye ukingo. Nilikaa chini pale pale na wale mbuzi hawakunijali. Niliogopa vibaya sana siku ile. Fomu niliichukua, lakini sikurudi nayo hotelini.

Nilimkuta Mkaguzi dukani, juu ya gurudumu lake, kana kwamba sikuwa nimemtukana mbele ya watu. Nilisimama mbele yake nikasema, "Ni mimi nilisema iwekwe. Kamau aliuliza. Mimi nikasema weka."

"Najua," akasema. "Kamau ni mwoga. Hawezi weka bila kuambiwa. Nilikuwa nangoja wewe."

"Kama ulijua, mbona ukamfukuza yeye?"

"Nilitaka uone vile inakaa, mtu mwingine akibeba makosa yako."

Nilitaka kumrukia tena, nikashindwa. Akaniambia nikae. Akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema miaka yote ile. Alipokuwa kijana alifunga waya kwenye duka moja kule Oltepesi. Rodi ikagonga mwamba, akaikata, akaweka chumvi ya mifugo kwa sababu ndiyo ya bei rahisi huko, na akapata wa kumsainia. Mwezi haukuisha. Kukatokea hitilafu ndani ya duka, umeme ukashuka kwenye kile kipande cha rodi ukakaa hapo, na ng'ombe wa mzee wa jirani akaja kulamba. Waliitana wakamkuta ng'ombe amekufa, ulimi bado uko juu ya chuma.

"Yule mzee hakupiga kelele," Mkaguzi alisema. "Aliniambia, 'Ero, wewe kijana, piga magoti. Onja kitu ulipatia ng'ombe yangu.' Nikapiga magoti. Watoto wake walikuwa wamesimama hapo, wadogo wadogo hivi, wale walikuwa wanacheza hapo kila siku. Nikaonja. Kama mmoja wao angetangulia hiyo ng'ombe, ningeonja nini?"

Nilimpa chai, akaitia chumvi kidogo badala ya sukari kwa kunitania, na ndipo nikajua tumepatana.

Kesho yake asubuhi alikuja na sururu, nyuma ya pikipiki kampakia Kamau. Nilimwomba Kamau msamaha mbele ya Mkaguzi. Akasema, "Ni sawa, mathe," lakini ilimchukua muda kunitazama machoni. Jirani yangu Mmaasai, mwenye wale mbuzi, alituonyesha bonde dogo kwenye kona ya ploti ambako nyasi hukawia kukauka. Tulichimba siku mbili. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Zilishuka rodi mbili nzima zilizofungwa pamoja, bila kukatwa hata kidogo. Mashine ikasoma vizuri. Mkaguzi akapandisha suruali, akaonja, na mimi nilishindwa kutazama.

"Udongo tu," akasema. Akasaini akiwa bado amechuchumaa, karatasi juu ya goti. Cheti changu kina alama ya kidole chake cheusi mpaka leo.

Wiki ya nesi ilikuwa imekwisha. Nilimlilia akaniongezea siku, tena siku, na mita ikaja mama akiwa bado hai. Siku alipoingia kwangu aliwasha taa akaizima, akaiwasha akaizima, mara nne, kisha akalala kwenye kitanda chake cha chuma, mashine ikinguruma kando yake. Alilala humo masika mawili. Alipokufa alikufa kwa mapafu yake, mkono wake juu ya ukingo wa kitanda, na mimi nimeushika.

Baadaye Mkaguzi akapotea dukani. Tuliambiwa amepata kiharusi, si kikubwa. Gurudumu lilikaa tupu na sikuruhusu mtu yeyote alikalie. Kisha mwaka huu, asubuhi moja ya kiangazi, alishuka kwenye bodaboda kwa shida, na mkongojo, mdomo umekwenda upande kidogo.

"Mama Waya," akasema, na maneno yalitoka polepole. "Ulimi wako bado unafanya kazi?"

Nilidhani ananitania kwa sababu ya kelele zangu. Kumbe binti yake alikuwa amemaliza kujenga, si mbali, na fundi wa huko alimletea baba fomu asaini. Mashine ilisoma vizuri. "Nimeonja mara tatu," alisema. "Sisikii kitu. Tangu huu ugonjwa, hata chai sijui kama iko na sukari. Imekufa ganzi." Akagusa ulimi kwa kidole.

Nilikumbuka ombi langu la siku ile. Sikumwambia. Hadi leo sijamwambia. Nilifunga duka nikaenda naye.

Binti yake alitupokea na mtoto mgongoni. Baba yake alipotangulia nyuma ya nyumba, akanishika mkono jikoni. "Auntie, lori inakuja na vitu saa nane," alininong'oneza. "Pale nilikuwa nimepanga nishatoka. Mwambie iko sawa. Hawezi jua."

Na kweli, asingejua. Nilimfuata mzee. Alikuwa ameegemea ukuta kando ya rodi, kalamu tayari mkononi. Nikapiga magoti, nikachota udongo kwa vidole viwili kama nilivyomwona akifanya miaka yote, nikautia mdomoni. Nikautembeza kutoka shavu hili hadi lile. Nikatema. Nilihisi macho ya yule binti kwenye kisogo changu.

"Iko na chumvi, Mzee," nikasema.

Hakushtuka. Aliuliza tu, bila kumtazama yeyote, "Nani alisema iwekwe?"

Binti yake akatazama viatu vyake. Nilikijua kimya kile. Mkaguzi alingoja, kisha akairudisha kalamu mfukoni.

"Pigia mwenye lori simu," akamwambia binti yake. "Mwambie asikuje."

Halafu akaniinamia, karibu kabisa, kama anayeuliza siri. "Ni ya meza ama ya mifugo?"

"Ya mifugo," nikamwambia. "Ile inachoma mwisho."

Akafumba macho, akameza mate. "Kama ya Oltepesi," akasema, na akaninyooshea mkono wake mzima niinuke, tukatafute sururu.